Taa ya Sekunde Kumi

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Beldina alikuwa akizoa dagaa wa omena waliokauka na kuwatia guniani, mumewe alipopita akienda kazini. Ouma alikuwa na miaka saba tangu afe. Mkono wa kulia alibeba dumu la mafuta ya taa, na wa kushoto alishikilia kitambaa kisogoni, kwa maana kile kidonda hakikuwahi kukauka.

"Umekumbuka ni nani alikupiga?" Beldina akauliza, kama kila jioni.

"Nilikuwa nimeinama navuta mtumbwi, Mama Milka. Kasia nilisikia. Uso sikuona."

Akapanda mnara wa taa. Asubuhi Beldina angesugua damu kwenye ngazi kwa majivu.

Mnara huo, kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Luanda Kotieno, walioujenga ni wazungu wa meli. Waliobeba mawe ni mababu wa hapo, na majina yao hayakuandikwa popote. Ouma alikuwa mlinzi wake wa tatu. Mwaka 1987 wezi wa nyavu walimtumia ujumbe azime taa wafanye kazi yao kwa raha. Akakataa. Wiki hiyohiyo akapotea ziwani.

Sasa, maiti ya ziwani isipopatikana, watu huzika yago, lile tunda refu na zito la mwegea, badala ya mtu. Lakini husubiri. Safari hii Gordon, mwenyekiti wa ufuo, hakutaka kusubiri. Siku ya nne alitoa jeneza, akalileta yago mwenyewe, na akalia kuliko wafiwa. Siku ya sita Ouma akaelea, kisogo kimepasuka. Wazee wakakuna vichwa: kaburi limeshajaa, na mtu hazikwi mara mbili. Wakiwa bado wanajadiliana, Ouma akainuka mchangani, akakung'uta kaptula, akaenda kuwasha taa, kwani giza lilikuwa linaingia.

Beldina alitaka jina tu. Akilipata, angesimama mbele ya wazee, tunda lile lifukuliwe na mume wake alale mahali pake.

Mwaka 1994 akaja fundi Khaemba kutoka Bungoma, na paneli za sola, betri, na barua. Gordon ndiye aliyezunguka maofisini kuiomba taa hiyo ya sola.

"Mama, mwenye kuwasha taa ni nani?"

"Ni mzee wangu. Ngoja, anafika saa kumi na mbili."

Ouma alipofika, Khaemba alikitazama kile kisogo, kisha akaitazama barua. "Pole, mzee. Hii mpya inajiwasha yenyewe. Weka sahihi hapa."

Ouma akaweka sahihi. Damu ikadondokea karatasi, na Khaemba akatoa nakala nyingine, maana ofisi hupenda karatasi safi.

"Sasa mimi niende wapi?"

"Upumzike tu, mzee."

"Wapi?"

Khaemba akaikunja barua. Akapanda juu kufunga nyaya.

Ufuo mzima ulikusanyika, Gordon kwenye kiti cha mbele. Taa ikamulika. Pale majini, hatua kumi kutoka ukingoni, Gordon mwingine, wa miaka saba nyuma, mwembamba kidogo, aliinua kasia kwa mikono miwili akampasua kisogo Ouma mwingine aliyeinama akivuta mtumbwi. Mlio ulikuwa kama wa kuni mbichi zikipasuliwa. Giza. Baada ya sekunde kumi taa ikamulika tena, kasia likashuka tena, na Ouma aliyesimama kando ya mkewe akaanguka magotini.

"Shemeji, hiyo taa bado mpya," Gordon akasema. "Itazoea."

Beldina aliinua mwiko wa ugali aliotoka nao jikoni, akampiga nao mdomoni. Meno mawili yakatoka. Akapiga tena, kwa hasira ya miaka saba, mpaka wanaume wanne wakamshika. Polisi walimweka ndani siku tatu kwa kosa la kujeruhi.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa wazee.

"Tumeona, mama," wakasema. "Hata watoto wameona. Lakini ukifukua kaburi unaita chira, laana ya ukoo mzima. Na sola ni yeye alileta."

Mwenye nguvu mpishe. Khaemba aliandika kwamba taa inafanya kazi vizuri, akarudi kwao. Gordon alichaguliwa tena, na pengo lake. Wavuvi walipiga kelele juma moja, kisha wakagundua faida.

"Ukitoka Mbita usikate kona mapema," waliwafundisha wageni. "Ngoja kasia ishuke, ndio upinde kushoto. Hutagonga mwamba."

Na kweli, hakuna mashua iliyogonga tena.

Ouma hukaa chini ya mnara, hana kazi, hana kaburi. Kila jioni Beldina humletea kitambaa safi, akaketi nyuma yake na kukifunika kisogo kwa kiganja chake. Huhesabu sekunde polepole. Akifika tisa, hukaza mkono.