Kufuta Mistari ya Ami Mongi

Emna Ghorbel alikuwa na furaha ya mtu anayefagia. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akisafisha kona moja chafu ya kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu inayogawa kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu hukatwa vipande vidogo viitwavyo kurasa, lakini kazi nzito zikija, kurasa mia tano na kumi na mbili huunganishwa zikawa ukurasa mmoja mkubwa. Msimbo wa kurasa kubwa, yaani mistari ya programu inayozisimamia, ulikuwa umerundikwa kwa miaka mingi, na kazi ileile ilifanywa mahali patatu kwa namna tatu. Emna aliikusanya mahali pamoja. Kila mstari aliofuta ulimpa raha ambayo mama yake hakuielewa hata siku moja.

Viraka vyake vilikuwa kumi na vinne, maana katika kazi hiyo mabadiliko hayapelekwi kwa furushi. Hukatwa viraka vidogo, kila kimoja kieleweke peke yake, kisha hupelekwa kwa barua pepe barazani, mbele ya mafundi wa dunia nzima. Huko hawapakani mafuta kwa mgongo wa chupa; kiraka kibaya hurudishwa mchana kweupe. Emna alikwisha kurudishwa mara nne. Mara ya tano, msimamizi wa sehemu hiyo, Mcheki mmoja mkali aitwaye Radovan, aliandika: "Nafunga mlango Alhamisi jioni. Nitavipokea ikiwa Mongi Chaabouni atavisoma na kutia jina lake. Msimbo ulikuwa wake."

Mlango ukifungwa, ni kusubiri wiki kumi tena. Emna alikuwa amechoka kusubiri, na hakuona haya kusema hivyo.

Taabu ni kwamba huyo Mongi Chaabouni alikaa meza ya pili kutoka kwake, katika ofisi ileile ya ghorofani pale mjini Sfax, na kwa siku tisa tangu viraka hivyo vitumwe hakuwa amesema neno. Mafundi hawa wana amri moja ya kompyuta, ya kikatili: ukiichapa, kila mstari huonyesha jina la aliyeuandika na mwaka. Emna alipoichapa, mistari mia tatu na kumi aliyotaka kuifuta ilikuwa na jina la Mongi. Hata mtu mpole angenuna, na Mongi hakuwahi kusifiwa kwa upole.

Alhamisi mchana walishuka kula lablabi, supu ya dengu, kwenye kibanda cha jirani. Dengu zilikuwa bado zinafuka moshi juu ya mkate uliomegwa Emna aliposhindwa kuvumilia.

"Ami Mongi, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi? Kwa kunifuta duniani?"

"Nimefuta mistari tu, Ami."

"Mistari tu! Ile niliiandika mwaka aliozaliwa binti yangu, namtikisa kwa mkono mmoja, naandika kwa mkono mwingine. Na inaonekana, si uongo. Imekaa kama nguo za mlevi." Akamimina mafuta ya zeituni bila haraka. "Ningekuwa na hasira ningetia sahihi zamani, nikuache uumbuke mbele ya watu."

Emna akaweka kijiko chini. "Niumbuke kwa nini?"

"Kiraka cha tisa. Umekiandikia nini pale juu?"

"Kwamba hakibadilishi kitu. Ni usafi tu."

"Basi kula kwanza. Ukishiba nitakuonyesha kilichobadilika."

Nani angekula? Emna aliacha bakuli limejaa, akapanda ngazi mbili mbili, mzee akimfuata huku analalamikia magoti.

Mezani, Mongi aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. Mashine ikijaribu kupasua ukurasa mkubwa ikashindwa, sharti kwanza ifungue kufuli linalozuia kazi nyingine zisiuguse, ndipo iuachilie ukurasa. Mahali pawili mpangilio huo haukuwa na madhara ukigeuzwa. Pa tatu, kuugeuza kulikuwa na madhara makubwa. Emna aliona patatu pamefanana, akapaunganisha, akatanguliza kuachilia.

"Ni kama kumrudishia mwenye nyumba nyumba yake, halafu unarudi kufungua kufuli lako," Mongi alisema. "Unamkuta mpangaji mwingine kitandani."

"Sasa mbona hukuandika sababu?" Emna alifoka. "Neno moja tu pale pembeni! Mtu atajuaje?"

"Nilidhani iko wazi."

"Kwako!"

"Hata kwangu haikuwa." Mzee akavua miwani. "Unafikiri nilinuna? Siku tisa nilikuwa natafuta kwa nini mimi mwenyewe niliandika vile. Nilijua kuna kitu, sikukijua ni kitu gani. Niliona aibu kukuambia."

Emna akamvutia kiti. Hasira yote ilimtoka, akabaki anamhurumia.

"Sikiliza, binti," Mongi akaendelea kwa sauti ya chini. "Kosa lenyewe litatokea mara moja kwa mwaka, na Radovan hajaliona. Naweza kutia sahihi sasa hivi, viingie vyote, wiki ijayo utume sahihisho kimyakimya. Wapo wanaofanya hivyo."

Emna aliitazama saa. Kumi na vinne vingeingia, na miezi yake yote pamoja navyo.

"Mficha uchi hazai, Ami," alisema mwishowe, akaandika barazani: "Msipokee kiraka cha tisa. Nilisema hakibadilishi kitu, nami nimekosea. Mongi Chaabouni ndiye aliyenionyesha kwamba sharti kufuli lifunguliwe kwanza." Akatuma kabla hajajuta.

Mongi alitia jina lake kwenye vile vinane vya mwanzo; vilivyofuata vilijengwa juu ya cha tisa. Saa moja baadaye Radovan alijibu, mkavu kama kawaida yake: "Nimechukua cha kwanza hadi cha nane. Vilivyobaki, raundi ijayo. Na mstari wa kufuli uandikiwe sababu safari hii."

Vinane! Emna alipiga kigelegele hadi watu wa ofisi ya chini wakagonga dari.

Alikuwa bado anacheka barua nyingine ilipoingia barazani. Ilitoka kwa Mongi, na kilikuwa kiraka, chake cha kwanza kwa miaka mitatu. Kiligusa orodha ya watu wanaopaswa kuulizwa kila mara mtu anapotaka kugusa kurasa kubwa. Mstari mmoja umetolewa: Mongi Chaabouni. Mmoja umeongezwa: Emna Ghorbel. Chini yake aliandika sababu: "Ilinichukua siku tisa kukumbuka nilichoandika mwenyewe. Huyu anaujua msimbo kuliko mimi, na akikosea husema. Muulizeni yeye."

"Ami, hili hukuniuliza!"

"Ndiyo maana nimelipeleka barazani. Haya, kataa mbele za watu."

Hakukataa. Alilia kidogo, bila kujificha, kisha akakisoma kiraka kile kama sheria ya kazi inavyotaka, mstari kwa mstari, ingawa ilikuwa miwili tu, akatia jina lake chini.