Mruko wa Panzi

Watu wa televisheni wakiniuliza roboti yetu ilikuwa na magurudumu mangapi, natamani kuwafukuza. Magurudumu ya nini? Kwenye kile kijiwe kinacholizunguka jua hakuna kitu chenye uzito wa kushika ardhi, gurudumu litazunguka bure mpaka lichoke. Ndiyo maana mimi, Hisae Kurokawa, nilibuni boksi linaloruka. Tumboni lina gurudumu moja zito. Likishazunguka sana linapigwa breki ghafla, na boksi zima linaruka, linaelea, linatua mbele. Tuliliita Panzi. Ujana wangu wote uliishia humo, na ndoa pia, lakini hayo yaache.

Hatari ilikuwa moja: asije akaruka kwa nguvu mno. Kule, ukiruka kwa kasi ya mtoto anayetambaa, umekwenda zako, hurudi tena.

Kasi yake tuliipanga kwa hesabu za Mwalimu Ebihara, mkuu wa maabara yetu hapa Ueda. Hesabu hizo alizifanya akiwa kijana na ndizo zilizompa jina: zilisema kijiwe kile ni mwamba mtupu. Chombo kilichombeba Panzi kilipofika huko, mwenzangu Nagakubo akapima mvuto na kukuta si mwamba wala nini. Ni rundo la kokoto, jepesi, limejaa mapengo. Alinivuta kwenye korido, jasho linamtoka.

"Dada, tusipopunguza kasi, Panzi anapotea."

"Basi kaseme mkutanoni."

"Nitasema. Haki nitasema."

Mikutano yetu haiamui kitu. Mambo huwa yameshamalizwa kwenye korido, mkutanoni tunatikisa vichwa tu. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno. Nagakubo akainamia kikombe chake cha chai. Nikamngoja, nikamngoja, wapi!

"Mwalimu," nikasema, "tupunguze kasi. Kijiwe ni chepesi kuliko tulivyodhani."

Wote wakatazama meza kana kwamba nimevua nguo.

"Nani kasema ni chepesi?"

"Nagakubo amepima."

Mwalimu akamgeukia taratibu. "Eti, Nagakubo?"

"Ni… ni vipimo vya mwanzo tu, Mwalimu. Bado tunaviangalia."

"Umesikia, Bi Kurokawa? Punguza jazba. Mpango umeshapitishwa."

Panzi akashushwa, akatua salama, akaruka mara moja. Tukangoja atue tena. Hakutua. Picha zikawa zinakuja, na katika kila moja kijiwe kimezidi kuwa kidogo, mpaka betri ikaisha. Udongo niliomtuma kuupima hakuupima hata chembe. Nililia mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Picha ya mwisho ilikuwa nzuri, siwezi kukataa: kijiwe kizima, nusu mwanga, nusu giza. Magazeti yakaipenda. Mwalimu akasimama mbele ya kamera akasema ni mafanikio ambayo hata sisi hatukuyatarajia. Sasa imebandikwa kwenye kuta za shule, watoto wanaichora. Roboti imepotea na watu wanapongezana, jamani!

Wakatupeleka kusherehekea kwenye baa ya mishikaki ya kuku. Nikakalishwa ubavuni mwa Mwalimu, eti mimi ndiye mama wa Panzi. Nagakubo akaninong'oneza, "Dada, ungesema kwa upole, pengine angekusikia."

"Koma," nikamwambia. "Koma kabisa."

Mwalimu akaninyooshea glasi yake tupu. Kwetu mtu hajimiminii bia. Mdogo humjazia mkubwa, kisha naye hujaziwa.

"Haya, Bi Kurokawa, tuunywee mruko wetu."

Mruko wetu! Nikaichukua chupa, na meza nzima ikatabasamu, wakidhani yamekwisha. Nikajaza glasi yangu mwenyewe mpaka povu likamwagika, nikainywa yote, nikaiweka chupa mbele ya Nagakubo.

"Mjazie wewe," nikasema. "Au bado unaviangalia vipimo?"

Hakuigusa. Mwalimu alikuwa bado ameinyoosha glasi yake nilipovaa viatu nilivyoviacha mlangoni nikatoka.