Taswira Iliyotokea kwa Kitinda

Asubuhi hiyo mwaka wa pili wa fizikia walikuwa na jaribio la lenzi. Mapazia meusi yalishushwa, kila mtu akasimama kwenye meza yake: taa upande huu, lenzi katikati, kipande cheupe cha kadibodi upande wa pili. Kazi yenyewe nyepesi. Unasogeza kadibodi mpaka taswira ya taa itulie, unapima umbali, basi. Na hata usipopima vizuri, majibu yanapikwa. Wamepika wa miaka yote, na mhadhiri anajua, maana naye alipika.

Kitinda alisogeza kadibodi yake, taa haikutokea. Alitokea kaka yake.

Alikuwa kichwa chini miguu juu, kama lenzi inavyogeuza kila kitu, lakini ni yeye, na lile shati lake la mistari. Alikuwa ameinamia leza kwenye meza hiyohiyo, bila miwani ya kinga. Nyuma yake miwani mipya ilikuwa imepangwa kwenye kabati la vioo, kufuli limening'inia, na mhadhiri, enzi hizo ana nywele, anauzungusha ufunguo kidoleni. Miwani ilikuwa ikisubiri wageni waje kuiona. Kaka aliinua uso kidogo, mwanga ukampata, akajishika macho. Kisha taswira ikajirudia tangu mwanzo.

Jirani wa Kitinda, wa meza ya pili, alichungulia. "Yako imetoka safi," alisema. "Yangu ina ukungu pembeni."

Siku hiyo ndiyo kaka alipofuka, naye akiwa mwanafunzi hapohapo. Kamati ya chuo ilishaamua kwamba kaka alijivulia miwani mwenyewe kwa utundu, mjadala ukafungwa. Mwanzoni kaka alikataa, akalia, akaapa. Lakini mtu ukiambiwa jambo moja asubuhi na jioni, na huoni, utabisha mpaka lini? Siku hizi alikuwa akisema mwenyewe, "Nilivua. Ujinga wangu." Na tangu aanze kusema hivyo hakula vizuri, hakutaka kunyolewa wala kutolewa nje. Hilo lilimuuma Kitinda kuliko hata yale macho.

Mhadhiri alifika na kalamu yake. Aliitazama taswira mwanzo hadi mwisho, akavaa miwani ya mbao. "Imegeuka, ni ndogo kuliko kitu chenyewe. Sawa. Umepima?"

"Mwalimu, huyu ni kaka yangu."

"Namwona. Nimekuuliza umbali."

Wiki iliyofuata, baada ya kumbembeleza sana, Kitinda alimleta kaka kwa mkono. Taswira ilikuwa palepale. Kaka aliipapasa kadibodi, na yule kaka wa mwanga akawa anajishika macho juu ya vidole vyake.

"Nimevaa miwani?" aliuliza.

"Hukuvaa, kaka. Imo kabatini, kabati limefungwa. Ufunguo anao mwalimu."

"Na wenzako wanasemaje?"

Kitinda aliwageukia. Si watu wabaya, wangemgawia hata chakula chao. Lakini mhadhiri alikuwa kitini pake anasahihisha, na alama za mwisho zilikuwa hazijatoka.

"Semeni, jamani," alisema Kitinda. "Mwambieni tu mnachokiona."

Jirani yake aliinamia kadibodi. "Imegeuka juu chini," alisema. "Ni ndogo kuliko kitu chenyewe."

"Umbali sentimita thelathini na mbili," akadakia mwingine.

"Weka thelathini," mtu alimnong'oneza. "Ndivyo kitabu kinavyotaka."

Kaka alingoja, uso ameuelekeza kwao. Alilitafuta bega la Kitinda, akalipigapiga taratibu.

"Wewe ni mdogo wangu," alisema. "Ungesema nini kingine? Twende nyumbani."

Kitinda alimshika mkono wakatoka. Jirani akahamia kwenye ile meza apime upya, maana ndiyo iliyokuwa na taswira safi kuliko zote.