Wimbo Usio na Namba

Katika mwaka wa hamsini na tatu wa maisha yake, Papa Mbusa, kiongozi wa orkesta ya kanisa moja la Butembo, aliketi kwenye kiti akiwa na nia njema kabisa ya kupiga gitaa vibaya. Akashindwa.

"Papa Mbusa," akasema Zacharie, akiweka chini fimbo za ngoma, "bado iko muzuri."

"Hata hapo?"

"Muzuri sana. Mutu anaweza leta sadaka."

Zacharie alikuwa mpiga ngoma wa fanfari, bendi ya matarumbeta ya mazishi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameisindikiza nusu ya Butembo makaburini kwa mwendo wa pole, hivi kwamba alipoambiwa apige mbio, mikono yake iliomba ruhusa kwanza. Wa tatu alikuwa Mama Tamar, muuzaji wa maharagwe ya Lubero na soprano wa kwanza wa kwaya. Watu hawa watatu, wenye miaka themanini ya muziki kati yao na meno yasiyofika idadi hiyo, ndio walioanzisha bendi ya punk. Zacharie aliipa jina Madiakoni. Hakuna aliyecheka, maana wote watatu walikuwa madiakoni kweli.

Punk yenyewe walikuwa wameisikia ndani ya simu tu. Walichokielewa ni kwamba gitaa linahitaji sauti tatu, ngoma inakimbia, na mwimbaji anapiga kelele kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Aliyekuwa akiipenda ni Luc, kifungua mimba wa Mbusa. Luc alipiga gitaa la pili katika orkesta ya baba yake mpaka Jumapili moja, katikati ya ibada, alipoanza kupiga kitu alichokitunga mwenyewe. Mbusa aliwanyamazisha wote kwa mkono mmoja, akamtazama mwanawe juu ya miwani, akauliza mbele ya waumini mia nne: "Wimbo huu uko namba gani?" Katika kanisa lile, wimbo usio na namba kitabuni haukuwa wimbo. Waumini walicheka. Luc akaweka gitaa chini na kutoka.

Jioni hiyo Mbusa alilitoa gitaa la mwanawe nje, chini ya mchirizi wa paa, ili mwenyewe akirudi aelewe. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Luc alilichukua likiwa linadondoka maji, akapanda pikipiki kwenda Beni, na kwa miaka miwili baba na mwana hawakuzungumza.

Kisha, mwezi wa tano, Luc aliuawa barabarani na watu wenye silaha, pamoja na wengine sita, wakitoka mashamba ya kakao. Barabara ilifungwa. Wakamzika huko huko, baba yake hayupo.

Falonne, mchumba wa Luc, ndiye aliyepiga simu.

"Papa, siku ya posho, Jumamosi hii, tunamaliza kilio. Luc alisemaka, siku akikufa, hapana kwaya. Bapige wimbo yake. Na donc... papa, usikasirike. Alisema: hapana kurekebisha."

Katika ukoo wao, kilio hakimalizwi mpaka aliyebaki na neno dhidi ya marehemu, au marehemu dhidi yake, alitoe mbele ya watu. Kila mtu alijua ni nani aliyebaki na neno. Mbusa naye alijua, ndiyo maana alikusanya wanamuziki. Aliona ni rahisi zaidi kupiga wimbo.

Falonne alituma kwa simu sauti ya Luc akiupiga wimbo huo. Mbusa aliisikiliza mara tisa, na mara ya kumi mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ulichukua kalamu nyekundu. Wimbo ulikuwa chini kwa nusu sauti: akaupandisha. Uzi wa tatu ulivuma kama nyuki ndani ya kopo: akaandika pembeni, "Safisha." Wimbo ulikatika ghafla, haukurudi nyumbani kama nyimbo za kanisa: akaurudisha nyumbani.

"Mbusa," akasema Tamar kwenye mazoezi, "umetia Amina."

"Wapi?"

"Ku mwisho. Tumesikia wote."

"Ni mikono imetia."

"Na wewe, Mama Tamar," Zacharie akaingilia, "unalia kama malaika. Lia kama mbuzi."

"Shemeji, miye niko mama ya watu!"

"Mbuzi pia iko mama ya watu yake."

Siku ya posho, barabara ikiwa imefunguliwa tena, walifika Beni. Uani kwa Falonne, katika mtaa wa Beu, palitandikwa turubai, na watu walikuwa wameketi tangu saa sita, kwa kuwa kila mtu alitakiwa kuwa kwake kabla ya giza. Falonne aliingia ndani, akatoka na gitaa la Luc.

"Utumie hii, papa."

Mbusa alilipokea. Akalitazama kwa jicho moja, kuanzia tumboni hadi kichwani, kama fundi anavyotazama ubao. Shingo ilikuwa imepinda. Akaanza kukaza nyuzi, ili lipande.

"Hapana, papa!" Falonne akamshika mkono. "Ikipanda zaidi inapasuka. Luc alijaribu sana. Ilikunywaka mvua."

"Mvua gani?"

"Hakusema. Alisema tu, mvua ya Butembo."

Mbusa akagusa uzi wa tatu. Ukavuma kama nyuki ndani ya kopo. Kumbe Luc hakukosea. Alikuwa amepiga hadi pale gitaa lilipoweza kufika. Kila mahali palipotiwa wino mwekundu, kosa lilikuwa la mwenye kalamu.

Alisimama. Watu wakajua wakati wa neno umefika.

"Gitaa," akasema. "Ni mimi niliitoa inje."

Wakangoja lililobaki. Halikuja. Mbusa aliketi, akapiga.

Zacharie alikimbia na ngoma kama mtu aliyesahau maiti nyuma. Tamar alifungua kinywa, na maneno ya Luc yakatoka, "Barabara ni yetu, mutuache tupite," na sauti yake safi ya miaka thelathini ikapasuka katikati. Hakuisafisha. Alipiga kelele, machozi yakimwingia mdomoni, mpaka kuku wa jirani wakahama. Mwishoni vidole vya Mbusa vilianza safari yao ya kwenda kwenye Amina. Akaviondoa juu ya nyuzi. Wimbo ukakatika tu.

Hakuna aliyejua kama apige makofi au afumbe macho. Mbele kabisa, bibi mmoja aliyetoka Vuhovi alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo magotini, akigeuza kurasa kwa bidii.

"Mwalimu," akasema, "wimbo hii iko namba gani? Naitafuta, siioni."

Mbusa alivua miwani.

"Haina namba, mama."

Bibi akafunga kitabu. "Basi muirudilie," akasema, "tuishike kwa kichwa."

Zacharie akahesabu mpaka nne. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, polepole, kwa mwendo wake wa zamani wa makaburini, na mkono wa Mbusa ulikuwa bado juu ya nyuzi, haujashuka.