Mika ya Bwana Lambrecht

Siku ya soko la Ngungu, mwaka 1953, Bwana Lambrecht alirudisha gari lake nyuma likamgonga Hakorimana, muuza chumvi, aliyekuwa amepiga magoti akifunga gunia lake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Lambrecht, mwenye shamba la pareto pale mlimani, alishuka, akakagua kwanza gari lake, kisha ndipo akamtazama mtu. Kesho yake akamwandikia ajan, afisa wa serikali aliyeamua mashauri, kwamba Hakorimana alikuwa amelewa na alijitupa nyuma ya gari kusudi. Ajan akajibu kuwa angefika Alhamisi kusikiliza maneno. Kila mtu alijua maneno ya namna hiyo huishia gerezani, na anayefungwa si mzungu.

Gari lenyewe lilikuwa na paa la turubai la kukunjwa. Nyuma ya paa kulikuwa na dirisha la plastiki, ambalo sisi sote tuliliita mika. Jua na vumbi vilikuwa vimeiharibu mika hiyo miaka mingi. Ilikuwa ya manjano, nzito kama ukungu wa asubuhi, na aliyeketi kwenye usukani hakuona kitu nyuma yake.

Jumatatu, karani wa shamba, Faustin, alifika kwa Drocella akiwa amebeba lile turubai begani. Drocella alikuwa mjane. Kazi ya kushona maturubai ya malori alifundishwa na marehemu mume wake, na kuanzia Ngungu mpaka Burungu hakuna aliyemshinda.

"Mama Drocella," Faustin alisema, "Bwana anataka hii mika ikuwe safi mbele ya siku ya ine, siku ajan anafika. Usugue. Ikikataa, mupya njo hii hapa." Akaweka chini karatasi ngumu ya plastiki iliyoviringwa.

Drocella alichukua majivu laini na mafuta, akasugua pembe moja kwa kitambaa mpaka mkono ukauma. Hakuna kilichobadilika.

"Jua imeiunguza mpaka ndani," alisema. "Nitatia mupya."

"Basi ile ya zamani uichome."

"Juu ya nini?" Drocella alitaka kujua sababu.

Faustin alitazama viatu vyake. "Bwana njo amesema."

Drocella hakuuliza tena. Alikuwa ameelewa. Hakorimana alikuwa jirani yake. Mwaka aliofiwa na mume, mtu yule alimlimia shamba la maharagwe kabla hajaombwa. Alifikiri kumrudishia Faustin turubai lake, kisha akaona kwamba wangelipeleka kwa fundi mwingine, naye angeichoma ile mika. Afadhali kazi ibaki mikononi mwake.

Alianika mika mpya juani kwanza, kwa kuwa plastiki baridi hupasuka. Akailaza juu ya ile ya zamani bila kuikata, ili turubai lisivutike likapoteza umbo. Akapaka maji ya sabuni chini ya mguu wa cherehani, akashona kwa mishono mirefu, kwa sababu matundu yakikaribiana sana plastiki huchanika kama karatasi. Alipozunguka pembe zote nne, aligeuza turubai na kuikata mika ya zamani kwa ndani, akiiachia ukanda mwembamba wa turubai la kijani pande zote. Moto hakuwasha. Aliikunja ndani ya kitenge akaiweka chini ya kitanda.

Alhamisi watu walijaa mbele ya nyumba ya wageni ya serikali. Hakorimana aliletwa kwa tipoyi, kitanda cha kubebwa mabegani, na mke wake Mukasine akitembea kando. Lambrecht alikuwa amesimamisha gari lake hapo hapo, mika iking'aa.

"Mwenyewe angalia," alimwambia ajan. "Naona nyuma vizuri sana. Huyu muntu alijitupa."

Ajan aliinama akatazama. Akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameshafungua kalamu Drocella alipopita katikati ya watu.

"Bwana ajan, ile siyo mika ya siku ya soko."

"Wewe nani?"

"Njo mimi niliishona. Siku ya kwanza ya hii juma." Akafungua kitenge. "Ya siku ya soko njo hii. Shika. Weka mbele ya macho, uniambie Hakorimana iko wapi."

Ajan aliishika mika mbele ya uso, akageuka huku na huku. Tipoyi ilikuwa hatua sita tu kutoka kwake.

"Sioni kitu," alisema.

"Ameiokota kwa takataka!" Lambrecht alipiga kelele. "Mwanamuke mwongo! Nitakufungisha!"

"Unifungishe," Drocella alijibu, sauti yake ikipanda. "Lakini kwanza tupime."

Alikwenda kwenye gari, akaweka ule ukanda wa kijani pale alipokatia. Kila mpindo wa mkasi ulikutana na mwenzake. Ajan alimgeukia Faustin.

"Karani, nani alisema ibadilishwe?"

Lambrecht alimkazia macho.

"Njo Bwana Lambrecht," Faustin alijibu. "Mimi mwenyewe niliipeleka. Alisema ile ya zamani ichomwe."

Ajan alifunga kalamu yake. Alisema Hakorimana hana kosa, na kwamba Lambrecht atamlisha yeye na nyumba yake mpaka atakapotembea. Kuhusu uwongo ulioandikwa, hakusema lolote, na Drocella aliona hilo.

Faustin alifukuzwa kazi jioni ile ile. Shamba la pareto halikumpelekea Drocella turubai tena; akabaki na sare za shule na nguo za ubatizo. Hakujuta.

Lakini siku ile, wakati wa kurudi, wabeba tipoyi walikuwa katikati ya barabara gari la Lambrecht lilipowafikia kwa nyuma, likipiga honi. Mmoja alianza kusogea kando.

"Mubaki hapo," Drocella alisema. "Huyu muntu iko mugonjwa."

Honi ililia tena, kwa hasira. Mukasine alishika mkono wa Drocella, na wanawake wengine wakajaza barabara nyuma yao. Hakuna aliyegeuka. Walipanda kilima polepole, hatua kwa hatua, na gari likawafuata kwa gia ya kwanza mpaka mlangoni kwa Hakorimana.