Kandambili ya Shemeji Ezron

Ketrina alipoingia dukani kwa shemeji yake, Tunduma, alimkuta amevua kandambili ya mguu wa kulia na kuishika kama mtu anayetaka kuua mende. Mende hakuwepo. Kulikuwa na tochi ya kuchaji iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani, na Ezron aliisukuma kwa kandambili hiyo mpaka ikachomoka na kudondoka sakafuni. Akavaa kandambili yake. Tochi akaiacha palepale chini.

"Mbona huichomoi kwa mkono, shemeji?"

"Mazoea tu, mama Gwantwa. Karibu kiti."

Ketrina hakukaa. Alikuwa na duka lake la pembejeo Vwawa, na tangu apate stashahada yake ya kilimo kazi yake ilikuwa kuwasihi watu wasome kibandiko kabla hawajafungua chupa. Aligeuza boksi moja la tochi juu ya kaunta. Halikuandikwa jina la aliyetengeneza wala nguvu ya betri. Kulikuwa na picha ya hema, mlima wenye theluji, na kijana anayecheka.

Kabla hajasema neno, mama mmoja wa Kizambia aliingia na kumwaga mfuko mzima wa tochi kwenye kaunta. Kila moja ilikuwa imefungwa utepe wa chitenge cha njano.

"Awe, bosi! Hapana! Hizi nilizofunga kitambaa ni mbaya. Hii imevimba kama chura. Hii imempiga mteja shoti mpaka akaangusha mtoto. Kule kwetu Nakonde wateja wananitafuta!"

Ezron, ambaye hubishana na mteja kwa ajili ya msumari mmoja, hakubisha. Alimpa mpya, akamshukuru kwa Kibemba, akamtania kidogo. Zile mbovu alizikumba kwa mkono mpaka chini ya kaunta.

"Hizo utazipeleka wapi?" Ketrina aliuliza.

"Za kutupa hizo, shemeji. Takataka."

Ezron alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Mke wa mdogo mtu hamhoji shemeji mkubwa mara tatu ndani ya duka lake. Ketrina alichukua mbegu zake alizokuwa amefuata, akaenda kupanda gari, lakini njia nzima ile kandambili haikumtoka kichwani.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, vijana wa kanisa walikuwa wanakwenda kambini Mbebe, kwenye milima ya Ileje ambako baridi hung'ata masikio. Binti yake Gwantwa alikuwa ametangulia kanisani na furushi lake. Utaratibu wa akina mama ulikuwa uleule wa miaka yote: kila mtoto blanketi moja, sahani moja, na tochi katikati ya blanketi, vyote vinafungwa khanga, vinaombewa, vinapakiwa kwenye lori.

Mwaka huu tochi zilikuwa zimetolewa bure na mzee Ezron. Ketrina alilijua hilo pale mlangoni, alipomwona shemeji yake amekaa mbele kwenye kiti chenye mto, suti na viatu vya kung'aa, soda mkononi, huku akina mama wakimpigia vigelegele.

Kisha akasikia harufu. Ilikuwa ya plastiki inayoungua, na ndani yake kitu kingine kikali, kama maji ya betri ya gari.

"Tochi ziko wapi?"

"Zinachajiwa," alisema mama Tumpale, mwenyekiti wa akina mama, akionyesha ukutani kwa fahari. "Tumezifunika vizuri."

Extension mbili zilikuwa zimelazwa sakafuni, zimechomekwa tochi toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake yamerundikwa mablanketi ya watoto. Ketrina alijua sababu bila kuuliza. Mama yake mwenyewe alikuwa akifanya hivyo na simu: kwao huko juu watu wanaamini kitu kikipigwa baridi kinapochajiwa, chaji haikai. Kwa hiyo kinafunikwa kama mtoto mwenye homa.

"Zima ukutani! Usiguse tochi, zima swichi ya ukutani!"

"Mama Gwantwa, tuko kwenye shukrani," mama Tumpale alinong'ona. "Si ungesubiri?"

Ketrina alizima mwenyewe. Aliyavuta mablanketi moja baada ya jingine, na la mwisho likagoma. Lilikuwa limegandana na tochi. Alipolivuta kwa nguvu, moshi mwembamba ulipanda, na kwenye sufu kukabaki tundu jeusi, kingo zake bado zinaliwa na moto taratibu. Alilikanyaga kwa kiatu. Pembeni mwa blanketi kulikuwa na plasta nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu: Gwantwa.

Binti yake alisimama nyuma yake, khanga ya kufungia mkononi.

Tochi iliyokuwa imegandana na blanketi ilikuwa imetuna tumbo, ganda limepasuka, na kutoka kwenye ufa kulikuwa kunachuruzika uchafu wa rangi ya kamasi. Kwenye kishikio chake kulikuwa na fundo dogo. Aliyefungua utepe alikuwa na haraka. Alikata kwa kisu na kuliacha fundo. Chitenge cha njano.

Ketrina aliinama akaangalia nyingine kwa macho tu. Fundo. Hii haina. Ile, fundo.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "jana uliniambia hizi ni takataka za kutupa."

Vigelegele vilikuwa vimeshakatika.

"Mama Gwantwa, unanikosea heshima mbele ya watu wa Mungu," Ezron alisema. "Tochi moja ikiungua ndiyo kesi? Hata pasi inaungua! Zilizobaki ni nzima."

"Nzima?"

"Nzima kabisa."

"Basi vizuri." Ketrina aliwasha swichi ya ukutani. Taa nyekundu zikawaka kwenye zile tochi, zote pamoja. "Njoo uchomoe moja. Kwa mkono. Ukichomoa, mimi nakupigia magoti hapahapa kukuomba radhi, na watoto wanaondoka nazo."

"Haya ni mambo ya kitoto."

"Ndiyo. Watoto ndio watakaozichomoa."

Mama Tumpale alicheka kidogo kwa aibu, akitaka kuyamaliza. "Mzee wetu, chomoa tu tuendelee na maombi."

Ezron alitua soda yake. Alikuja mpaka ukutani, akajikunja, akanyoosha mkono. Vidole vilisimama hewani. Alitazama zile tochi, akatazama umati, halafu mkono wake wa pili, kwa mazoea tu, ukashuka kwenye mguu wa kulia na kuanza kuvua kiatu.

Watu wote waliuona. Alipogundua anachofanya, kisigino kilikuwa kimeshatoka.

"Unavua kiatu cha nini, baba?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma, na swali lile halikuwa na dharau yoyote. Ndiyo maana lilimuumiza zaidi.

Ketrina alizima umeme. Alikuwa hana hamu ya kumtazama tena usoni. Mtu asiyejua ungemfundisha. Huyu alijua, akajihifadhi yeye kwa raba ya kandambili, akawafungashia watoto wa ndugu zake, akakalia kiti chenye mto.

"Tuzichome moto nyuma ya jiko," mama Tumpale alisema.

"Zikilipuka? Hapana. Chooni pia hapana. Leteni ndoo na mchanga mkavu."

Walizichomoa kwa kijiti kikavu, wakazifukia kwenye ndoo. Ketrina aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la Ezron, akaiweka kiti cha mbele.

"Zimetoka dukani kwako, zirudi kwako. Na nikisikia zimeuzwa tena, shemeji, nitakuja Tunduma nisimame mlangoni nikiwaeleza wateja habari za kandambili."

Ezron aliondoka bila kuaga. Nyumbani patakuwa na kikao cha ukoo, Ketrina alijua, na mumewe atakunja uso. Acha akunje.

Lori lilikuwa linapiga honi. Akina mama walikimbia huku na huko kukusanya tochi za betri za kawaida, za bibi, za mlinzi, za jirani. Gwantwa alikuwa anakunja blanketi lake ili tundu lifichike ndani.

"Umetuaibisha, mama," alisema polepole. "Baba mkubwa hatasema na sisi tena."

"Asiseme."

Ketrina alitoa kwenye kikapu tochi yake ya zamani, ile ya kuangalizia kuku bandani, akampa. Gwantwa aliinusa, akakunja pua.

"Inanuka mavi ya kuku!"

"Inanuka. Lakini ishike."

Gwantwa aliishika kwa mikono miwili, akaiwasha, akaizima, akaisukuma katikati ya blanketi na kupanda lori.