Toleka kwa Wachoraji wa Tanga

Vita vilimkuta Kyakimwa ubaoni, Goma, chaki mkononi. Miezi miwili baadaye alikuwa Kisangani, nyuma ya duka la vitenge la tonton wake Ambroise, ndugu wa mama yake, hana shule wala kalamu ya rangi. Ualimu lakini haukumtoka. Alianza na watu watatu waliopenda kuchora, wakafika tisa, na tonton akawasogezea mabunda ya vitenge wapate pa kukaa.

Habari zao zikamfikia Waziri, mwalimu wa sanaa wa Tanga, Tanzania, aliyekuwa akitafuta darasa la nchi nyingine ili wachore pamoja kwa mtandao. Wakakubaliana: kila Jumamosi asubuhi.

Jumamosi ya kwanza, kwa simu ya video, Waziri aliwasalimia kwa adabu zote za pwani, kisha akasema kwa upole, "Leo wenzetu watuchoree vita, nasi tujifunze."

Prudence, muuguzi aliyekimbia Goma pamoja na Kyakimwa, akaweka penseli chini. Kyakimwa hakupenda kumvunjia heshima mtu aliyemfungulia mlango, lakini alimwona Prudence.

"Mwalimu Waziri, unisamehe. Vita tunavyo kila siku. Leo tunataka kuwaonyesha toleka."

"Toleka ni nini?"

Kabla hajajibu, picha ikaganda, ikazimika. Ikabaki sauti tu. Watu wakaguna, ila Kyakimwa akaanza kucheka.

"Afadhali! Mwalimu, nyinyi hamwoni kitu. Basi sisi tunasema, nyinyi mnachora."

Akamsukuma mbele papa Lambert, mzee wa darasa lao, aliyekula na kuvaa kwa toleka yake, mzito wa penseli lakini si wa ulimi.

"Bon," Lambert akaiinamia simu. "Toleka iko na pembe mbili. Mimi nakamata pembe, mama anaikala nyuma, kwa mto ya muzuri. Mutu akisimama njiani, inalia. Asubuhi naipakaza mafuta. Kwa kilima inachoka, alors natelemuka, tunapanda wote kwa miguu."

Picha iliporudi, Tanga waliinua karatasi zao. Kulikuwa na mbuzi watano, punda mwenye kengele, na ng'ombe mmoja mnene aliyebeba kochi mgongoni. Lambert alicheka hadi akashika ukuta. Akatoka mbio, akaisukuma toleka yake mpaka mbele ya simu.

Msichana mmoja wa Tanga akapiga kelele, "Jamani, baiskeli! Si baiskeli hiyo! Tanga nzima tunapanda!"

Waziri akajifunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alipopata pumzi alisema, "Mwalimu mwenzangu, miaka ishirini nafundisha, sijawaona hawa wakisikiliza namna hii. Na lile la vita, nilikosea kuliomba. Jumamosi ijayo fundisha wewe, madarasa yote mawili."

Prudence alikuwa ameokota penseli. Alichora barabara, na watu wadogo wadogo wenye mizigo kichwani. Kyakimwa alipomwinamia, Prudence akaigeuza karatasi.

"Hii nitawaonyesha siku nikitaka mwenyewe."

"Siku ukitaka," Kyakimwa akakubali.

Wiki ile aliandika somo mara tatu, akalifuta mara tatu, akalianza tena, kwa raha tu ya kuwa na somo la kuandaa.